Kanda la Usufi

Februari, Groningen. Mfereji umeganda nusu,
nusu ya pili inawaachia bata njia.
Wobbe Terpstra avua sweta, avua shati,
atafuta msumari wa kulitundika, hauoni,
alikunja juu ya goti.
Miaka thelathini na minne amepiga lipu dari za watu.
Leo namnyoa bega kwa wembe mpya,
nampaka spiriti, anasisimka,
nambandika elektrodi kumi na mbili,
kila moja na waya wake.
"Nishike stesheni gani?" auliza.

Ndani ya kompyuta kuna bega jingine.
Halina nywele, halina kovu, halijui baridi.
Mtulinga, kombe, mfupa wa mkono:
pembe na mihimili,
na misuli ni nyuzi zilizovutwa kutoka mfupa hadi mfupa,
nyuzi zaidi ya mia, kila uzi na bei yake.
Kwa kuwa njia za kuinua mkono hazihesabiki
Jildou alilifundisha bega lake ubahili:
katika njia zote, shika isiyogharimu.
Miaka sita alilifundisha. Lilielewa.

Inua, Wobbe. Kilo mbili. Polepole.
Nyuzi thelathini. Sitini. Tisini. Kaa hapo.

Mstari mwekundu ndio utabiri,
wa buluu ni mwili.
Msuli unaofunika bega: chanda na pete,
vinapanda pamoja, vinashuka pamoja,
Jildou anatabasamu na kalamu mdomoni.
Kisha msuli mpana wa mgongo,
ule unaovuta mkono kwenda chini.
Mwekundu umelala sifuri, kama inavyostahili:
nani amlipe mvutaji chini wakati mkono unapanda?
Lakini wa buluu
unanguruma.

Nikasema ni elektrodi, imeteleza.
Nikaing'oa, nikasugua upya, nikabandika.
Unanguruma.
Nikasema ni jirani, sauti yake imepenya ukuta,
maana ngozi haina milango.
Nikasogeza vidole viwili.
Unanguruma.
Nikasema, na hili ni kweli, umeme si nguvu,
mlio wa sufuria hausemi nyama ni kiasi gani.
Jildou akasema, "Sawa. Ila sufuria imo jikoni,
na mimi nimeandika kwamba jiko halina moto."

Akageuza kiti, akamwuliza mwenye bega.

Wobbe alikuwa bado ameinua mkono.
Hakuna aliyemwambia ashushe.

"Mwaka wa tisini na nane, Drachten," akasema,
"jukwaa lilivunjika ubao mmoja tu.
Nilidaka bomba. Mimi nikabaki juu,
mkono ukatoka mahali pake.
Waliurudisha. Lakini tangu siku ile
nikiinua, kuna kitu nyuma kinaushika
usiende zake.
Sikukiomba. Hata nikiinua kikombe, kipo."

Shusha, Wobbe. Samahani. Shusha.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
hivyo ndivyo hesabu yetu ilivyoubeba,
kwa usafi, kwa bei nafuu,
bila ubao kuvunjika.
Na huyu hapa analipa mara mbili,
mmoja wa kupandisha, mmoja wa kuzuia,
kila siku, dari baada ya dari,
wala hakuna mahali penye deni hilo
katika milinganyo yote ya Jildou.

Akaandika daftarini: *Tofauti, asilimia arobaini na moja.*
Chini yake: *Sababu,*
na nukta mbili.
Kisha akaifunika kalamu.
Neno lililokuwa likija halikuwa na kipimo.

Nikambandua waya moja moja.
Ngozi ilibaki na miduara kumi na miwili, myekundu.
Alivaa shati kwa kuanza na mkono mbovu,
akiuongoza kwenye mkono wa shati
kama mtu anayempitisha mtoto kwenye kizingiti.
Mlangoni akasimama, akatazama juu,
akatazama kwa muda mrefu dari ya maabara yetu.

"Aliyepiga hii," akasema,
"alikuwa na haraka."