Toa Ndoo

Tulikubaliana mambo matatu, Bwana Lugusha,
mezani kwako Isevya, chai ya tangawizi ikipoa:
mfumo upokee asali, uipime, umlipe mrinaji.
Matatu. Nikayaandika kwenye daftari la mistari,
ukasaini kwa kalamu iliyobaki na mkia
wa kamba ya benki.

Wiki ya pili ukanipigia saa nne usiku:
"Kalunde, kitu kidogo tu. Upime na nta."
Nta, sawa.
Wiki ya tatu: "Kitu kidogo tu, binti.
Uwatumie ujumbe warinaji wa Ipole,
simu zao za tochi,
na Kinyamwezi kikiwezekana."
Wiki ya nne ukaota rangi.
"Kijani hiki hakinikai. Nataka kile
cha jani la mninga baada ya mvua ya kwanza."
Nikatoka nje kuutafuta mninga.
Ilikuwa Agosti. Mninga ulikuwa uchi.

Haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba kilichojaa kilikuwa usingizi wangu.
Umeme ulikatika Cheyo, nikabeba kazi yako
ndani ya flashi, ndani ya leso, ndani ya sidiria,
hadi kwa fundi wa picha karibu na stesheni
mwenye jenereta na redio isiyozimwa.
Hapo ndipo nilipojifunza
ndiyo yenye tarehe:
"Ndiyo, Bwana Lugusha. Siku tano.
Laki moja na nusu."
Ukanyamaza, nikasikia feni yako.
Rangi ikabaki ile ile.

Siku ya majaribio nikaja ghalani.
Nyamizi, karani wako,
anaandika kwa mkaa ukutani,
vijiti vinne na cha tano kimelala juu yao,
kutoka mlangoni mpaka kwenye dirisha la wavu.
Tukapima. Tukalinganisha.
Mashine yangu ilimzidishia kila mrinaji,
huyu robo tatu, yule kilo na kitu,
na kosa halikuwa na mpangilio hata nilikamate.
Nilipekua msimbo mstari kwa mstari,
nyuki wakitembea juu ya skrini
kama wakaguzi.

Nyamizi akacheka mpaka akaegemea mzani.
"Dada, umepima na ndoo."

Miezi miwili ya vikao na simu,
na hakuna kinywa kilichotaja ndoo.
Wewe hukuitaja kwa kuwa unaijua mno,
mimi sikuiuliza kwa kuwa siijui kabisa,
na yeye, anayezijua zote kwa uzito,
nyeupe ya Mhoja, ya bluu yenye mpini wa waya,
ile nzito iliyowahi kubeba rangi,
yeye hatukumwekea kiti.

Nikakaa juu ya gunia, nikaandika
mstari mmoja: toa ndoo.
Nyamizi akanisomea uzito, nami nikaujaza.
Haumo kwenye mkataba.
Sikuutoza.

Awamu ya pili ya malipo iko njiani, unasema,
kama treni ya Mpanda. Naamini.
Treni ya Mpanda hufika.
Wakati nangoja, risiti zinatoka, warinaji wanazikunja
na kuzitia kwenye kofia.

Nyamizi hajaufuta ukuta wake.
Nami sijamwambia aufute.