Viatu vya Jumamosi

Jozi ya kwanza ni ya nyumbani.
Jozi ya pili haivuki kizingiti:
mabuti ya mpira, la kushoto lina kiraka cha tairi ya baiskeli.
Huyaning'iniza kwenye nguzo ya geti, kichwa chini,
ili vyura wa Walukuba wasifanye nyumba humo.

Jumamosi natoka kabla ya king'ora cha kiwanda.
Mukene na Bwino wananisindikiza mpaka mlangoni,
mmoja rangi ya dagaa wakavu, mmoja kama wino uliomwagika,
mikia juu.
Siwaambii niendako.
Wana pua.

Bugembe, Isabirye anasonga posho ya mbwa
kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe.
Nafagia. Nasugua. Nahesabu bakuli.
Kuna mbwa wa miguu mitatu, tunamwita Meneja,
hali mpaka umwamkie kwanza.

Chumba cha paka kiko mwisho, mlango wa bluu,
na mwezi wa Aprili mlango ule ulichorwa msalaba wa chaki.
Homa ya paka.
Ile inayomfanya mtoto wa paka akae mbele ya maji
akiyatazama tu, kidevu kikikaribia kugusa,
kama mtu aliyesahau neno.

Daktari Nabirye hakuinua macho kwenye dripu:
"Kirusi hiki kinakaa kwenye nguo, kwenye kucha, kwenye soli.
Mwaka mzima. Sabuni inakipapasa tu; dawa yake jiki.
Wewe nyumbani una wangapi?"
"Wawili."
"Basi hamia kwa mbwa,
au ujifunze kunawa kama mpasuaji."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga.
Hawakumjua mgeni anayepanda kwenye soli.

Na niungame: kadi za chanjo za paka wangu
zilikuwa zimepitwa na miezi saba.
Mimi, ninayewagombeza watu getini.
Dozi zilifika ndani ya chupa ya chai,
zimezungukwa na barafu niliyoinunua kwa wauza sangara,
maana umeme ulikatika tangu juzi
na friji ya Daktari ilikuwa kabati tu.
Mukene alipokea sindano kama mtu anayelipa kodi.
Bwino alinichana mpaka kwenye kiwiko.
Nikamshukuru. Hasira ile ilikuwa na afya.

Sikuhamia kwa mbwa.

Yule wa manjano hatukumpa jina.
Isabirye anasema jina linachelewesha jembe.
Nilimshika kwa glavu, usiku wa tatu,
na glavu haipitishi joto la mkono, hata ukitaka.
Alikufa akiijua harufu ya mpira
na labda sauti yangu, ambayo haikuwa na la maana la kusema.
Nilikuwa nikimsomea maandishi ya katoni ya maziwa.

Nyumbani, nyuma ya mkeka uani, navua kila kitu.
Nguo kwenye beseni la jiki. Nywele. Kucha kwa mswaki mkuukuu.
Mama Atim, juu ya ukuta: "Leo unaoga kama uliyetoka kuzika."
"Nimetoka kuzika."
Akanyamaza.
Kisha dumu la maji likapitishwa ukutani, limejaa,
na mkono wake ukarudi bila swali.

Ndani, wananisubiri wakiwa wameudhika.
Bwino ananinusa kidole kimoja baada ya kingine,
anasoma chini ya jiki kile nilichofuta.
Kwenye kidole gumba anakawia.
Kisha ananiacha, anaelekea kwenye bakuli la maji,
anakaa,
anayatazama.

Nimesimama na taulo, matone yananidondoka kisogoni.
Sihesabu. Nahesabu.

Anakunywa.