Herufi Ndogo

Ubao wa sitaha ya pili ulisema:
JINJA. Chanzo cha Nile kwa basi lenye feni,
mwongozo, maji ya chupa, kuku wa mchana,
laki mbili na nusu kwa kichwa.
Na chini kabisa, kwa herufi kama mayai ya chawa:
meli italingoja basi letu.
Waendao kivyao, saa kumi na moja kamili.

Rwegasira alianza na hizo za chini.
Miaka thelathini na mmoja mhasibu wa ushirika wa kahawa,
mume wangu hukishika kila kitu kwa mkia.
"Tiketi mbili," akasema.
"Moja," nikasema.
Nakayenga wa dirishani akabaki na kalamu hewani
kama refa asiyejua ampulizie nani.

Sikutaka chanzo cha mto.
Mto una watu wengi wa kuutafutia chanzo.
Mimi nilitaka mlango namba arobaini na saba, Walukuba,
ambapo mama alinizaa baba akiwa zamu ya usiku
kiwanda cha nguo,
na ambapo, mama alisimulia, fenesi lilianguka juu ya bati
saa ileile: mkunga akadhani ni risasi,
akaruka, mkasi ukamponyoka.

"Ukichelewa?"
"Utanipungia mkono."
Hakucheka. Asiye na risiti, kwake, hajaenda popote.

Pikipiki ya Kirunda ilikuwa na kiti cha manyoya bandia.
Alitaka elfu tano, tukapatana nne, nikampa tano.
"Kodheyo," akanifundisha,
na kila tulipopunguza mwendo
nikaitupa ile salamu kama mwenyeji,
nikajibiwa maneno marefu, nikabaki natabasamu.
Nyuma ya viwanda vilivyozibwa madirisha
makorongo wenye upara walisimama juu ya taka
kama mahakimu waliosahau kesi.

Walukuba ilinipa arobaini na saba tatu.
Moja saluni. Moja ina kufuli jipya.
Ya tatu, mama mmoja anaanika mukene,
dagaa wetu hawahawa kwa jina la ng'ambo.
Mfenesi hakuna.
Kijana mmoja akaapa ni hii, mwingine akaapa ni ile,
na wote wawili wamezaliwa juzi.

Basi nikachagua.
Nikakaa kizingitini kwa mama wa mukene dakika ishirini,
nikamsaidia kufukuza nzi.
Labda nilizaliwa kwa jirani.
Jirani naye ni mtu.

Kurudi, lori la miwa limelala ubavu barabarani
na mtaa mzima unatafuna.
Saa kumi na nusu.
Saa kumi na moja kasoro kumi.
Kirunda akapita mtaroni, akapita uani kwa watu,
chini ya kamba ya mashuka, "Mama, inama!"
na moyo wangu ukawa unazisoma zile herufi ndogo,
unazisoma kwa sauti ya Rwegasira.

Saa kumi na moja na dakika nane.
Meli ipo. Ngazi ipo.
Nakayenga yupo, anauma kucha:
"Basi letu, mama. Limekwama nyuma ya miwa."

Nikakaa gatini na roleksi ya moto,
mayai mawili, nyanya, kabeji,
mimi niliyeachwa na saa
nikiingojea meli inayomngojea mume wangu.

Alishuka wa mwisho,
kofia mpya, neno Nile limetariziwa kombo,
mfukoni paja la kuku ndani ya karatasi.
"Lilikwisha lipiwa," akasema, akanipa.
Nikamkatia chapati.
"Umeuona mlango?"
"Nimeona mitatu. Na wewe chanzo?"
Akatafuna kwanza.
"Walituonyesha maji. Wakasema ni pale.
Mbele yangu kulikuwa na simu nyingi zimeinuliwa."

Usiku ubao ukabadilishwa: KALANGALA, kesho, msitu na ufuko,
laki moja na themanini.
Rwegasira akavaa miwani, akaziinamia herufi za chini,
akasoma, akasoma tena.
Pochi ilikuwa mkononi.
Hakuifungua.
Mfukoni pia hakuirudisha.