Hodi ya Kitasa

Tangu upepo wa Iyumbu uangushe nguzo juzi
na umeme ukalala nje hadi asubuhi,
kitasa changu janja hakimtambui mwenyeji wake.
Kinawasha taa ya buluu, kinasubiri.
Kinawasha tena, kinasubiri.
Mara ya tatu inawaka nyekundu, kinanyamaza.
Adabu hiyo naifahamu:
hodi ni tatu; usipoitikiwa, rudi zako.

Mwenyeji ni kidude cheupe, ukubwa wa kisosi,
kimekaa juu ya kabati la vyombo.
Mwanangu Mbelwa hukiita kitovu cha nyumba.
Nilicheka siku alipokifunga.
Kitovu changu mimi kimezikwa Korogwe,
chini ya mgomba ambao haupo tena,
na kiwanja hiki cha mkopo hakijazikwa kitu
ila bomba la maji.

Mbelwa yuko Kigamboni, sauti inakatikakatika.
"Mama, badilisha betri."
Nimetoa nne, nimetia nne, mpya, za dukani kwa Ndahani.
"Mama, kuna kitobo kidogo. Bonyeza kwa pini, hesabu hadi kumi."
Nimehesabu hadi kumi na tano,
sisi wa masjala hatuamini hesabu ya kuambiwa.
"Mama, labda lile geti la chuma linaziba mawimbi."
Nikaliacha geti wazi.
Vumbi jekundu likaingia bila hodi,
likajikalia kwenye makochi.
"Basi ni masafa, Mama. Kitasa kinasikia mbili nukta nne,
wewe unakiita kwa tano."
Nikakiita kwa mbili nukta nne.
Buluu. Buluu.
Nyekundu.

Sechelela wa jirani ananishikia tochi,
anatafuna karanga, ananiuliza kwa upole:
"Mama Mbelwa, kwani ufunguo hamna?"
Upo. Unaning'inia msumarini jikoni.
Lakini mimi sitafuti kuingia, mwanangu, niko ndani tayari.
Nataka kujua nani hamwitikii nani.

Nikavaa miwani.
Nikafungua kurasa za kitovu, moja moja,
kama mtu anayetafuta jalada lililopotea,
nikateremka mpaka chini kabisa, pale watu wasiposoma.
Tarehe: mosi Januari, elfu moja mia tisa na sabini.
Saa tisa usiku.

Lo.

Kumbe umeme uliporudi, hiki kiliamkia
usiku ambao nina miaka mitano,
nimelala kwa bibi, mguu wangu juu ya mbavu za dada,
na Dodoma ni stesheni na ukame na kengele za ng'ombe,
hakuna aliyeiita bado makao makuu,
hakuna aliyepima hapa hata kigingi kimoja.
Kitasa kinabisha kutoka leo: hodi.
Ndani wanasikia mtu ambaye hajazaliwa.
Wangeitikaje?

Barua ngapi nilizirudisha, miaka thelathini na moja,
nyingine za wakubwa, kwa kosa hilohilo la tarehe,
na leo nimeshindwa kuliona sebuleni kwangu.

Nikaandika siku ya leo kwa kidole kimoja.
"Mama? Mama, unanisikia?"
Subiri, nikamwambia, kuna mtu namvusha.
Buluu.
Kisha sauti ndogo, kama ulimi unaoachia kaakaa,
komeo likajisukuma lenyewe.
Sechelela akapiga makofi, maganda ya karanga yakatapakaa sakafuni
na hakuna aliyeyafagia.

Usiku nikaamka. Saa tisa kamili.
Upepo ulikuwa unachezea mabati ya jirani.
Nikaenda kabatini: taa ya kijani, imetulia,
tarehe sahihi, kila kitu mahali pake.
Hata hivyo nikasema, kwa sauti, peke yangu: karibu.
Labda wapo waliobaki kule, mwaka sabini,
na hodi yao ilikuwa ya tatu.