Debe la Kuwingia

Nilipewa debe nikiwa na miaka saba,
debe la samli lenye ubavu uliobonyea, na kijiti cha mdaa.
"Ukiona mkia tu," akasema mama, "piga."
Nikapiga.
Shamba letu la Muyuni, juu ya mawe:
muhogo unaopapasa udongo ndani ya nyufa,
choroko safu mbili, mipapai mitatu,
na nyuma ya boma la mawe, kima.

Punju, tukawaita.
Sumu yenye mgongo mwekundu.
Walisema mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya,
na mti akiukalia msimu mmoja hukauka.
Niliamini. Mtoto mwenye debe
huamini kila neno linalompa kazi.

Kata, choma, panda, vuna kidogo,
jiwe likichomoza jeupe kama jino,
hamia mbele.
Mama hakuwa mharibifu. Andikeni hilo.
Alikuwa na watoto sita na panga moja.

Wala sikuamka siku moja nikawapenda kima.
Shamba ndilo lililochoka kwanza.
Muhogo ukatoka mwembamba kama mpini,
vijana wakaenda kujenga mahoteli ya watu,
magugu yakaingia bila hodi.

Mkutano ulifanyika darasani,
tumekunjika kwenye madawati ya watoto, magoti kifuani.
Simai wa kamati akaeleza: mashamba kumi na manne yamelala,
kutoka msitu wa juu hadi kwenye mikoko;
tukiyaacha yaungane, wanyama watapita.
Vuai Machano akasimama:
"Na miye nitapita wapi?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mpaka leo muhogo wake upo katikati.
Msitu mchanga umeuzunguka
kama maji yanavyozunguka jiwe,
na kila mwezi tunamhesabia walichokula,
fedha mkononi, mbele ya mashahidi.
Hutia saini kwa hasira.
Hutia.

Sisi wengine tulichota maji pangoni,
ngazi thelathini na mbili, kushuka ni bure,
debe lile lile kichwani mwangu.
Miche tuliiatika kwenye mifuko ya maziwa:
mkungu, mzambarau, mtondoo.
Mkasi alipanda mia mbili;
kiangazi kikamwachia kumi na tisa.
Akaipa majina ya wajukuu wake,
kisha usiku hakulala:
ukikauka mmoja, nitamtazamaje mwenye jina?
Asubuhi akaenda kuyafuta, mche kwa mche,
kwa sauti, nasi tukimsikia.

Mwaka wa nne, Ijumaa, jua halijakolea,
nikasikia tawi.
Naapa, mkono wangu ulinyooka wenyewe
kutafuta kijiti.
Miaka hamsini, na mkono haujapata habari.

Walikuwa sita, na kichanga kifuani mwa mmoja.
Wakaipita mikungu yetu,
ile tuliyoinywesha kwa shingo zetu,
hata kuitazama hawakuitazama.
Wakashuka chini kabisa,
kwenye tanuri la zamani la mama,
pale alipochomea makaa mwaka ule wa dhiki,
wakafukua vipande vyeusi,
wakala.
Walitafuna makaa taratibu, kwa adabu,
kama mgeni anayeonja halua ya watu.

Simai anasema ni dawa:
majani mengine yana ukali,
makaa huutuliza tumboni.
Kumbe punju naye ana sumu anayoikimbia,
na dawa yake imo katika moto wetu,
moto ule ule uliomla msitu wake.
Nimeligeuza neno hili kila upande,
sijajua nilichekee au nililie.

Jana Vuai kaja kuliona tanuri.
Kasimama kitambo, mikono mgongoni.
Kauliza kama makaa nayo yanahesabiwa,
na kama yanahesabiwa,
alipwe nani.

Nikamwambia: mama.