Ngumi Chini ya Bampa

Tuliteremka toka Amani hadi Tanga mjini
tuko sita, na futi ya fundi cherehani,
na gunia tupu la iliki nimelikunja kwapani.
Shekiondo akauliza, gunia la nini?
Nikamwambia, tulia, utaliona kazini.

Pale Chumbageni magari yamepangwa kama maharusi,
yameogeshwa, tairi zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa.
Mbaruku, kijana mwenye funguo,
akatupeleka moja kwa moja kwa jeupe,
refu la pua, fupi la tumbo,
lina kioo cha kugusa kinachokukaribisha kwa Kijapani.
Mume wangu akaingia, akashika usukani,
akawa na miaka ishirini na miwili.
Nilimwachia dakika zake. Kuota hakulipiwi.
Kisha nikapiga magoti, nikapitisha ngumi chini ya bampa.
Ilikwama kwenye kidole gumba.
"Hili," nikasema, "litalala Kisiwani."

Kisiwani anakujua sana.
Masika iliyopita, kona ya tatu,
teksi ya kukodi ilikaa kwenye tope
kama kuku aliyekata shauri kuatamia,
na mama mkwe ndani, goti limevimba kama fenesi,
anatuagiza tusukume kwa adabu.
Tulisukuma kwa adabu.
Tulisukuma bila adabu.
Saa nne usiku trekta la chai likatuvuta,
dereva wake akakataa pesa. Alitaka kucheka tu.

La pili, la bluu, lilikuwa na kimo cha kutosha.
Mama mkwe akainua mguu, akaurudisha,
akauinua tena, akaulizia:
"Mnanunua gari au mnanunua ngazi?"

La tatu, watu saba, kwa maandishi.
Hoza akakaa nyuma, magoti yakapita masikio
kama panzi. Ana miaka kumi na miwili,
na suruali za Januari hazimfiki Juni.

La nne nilitandika kanga nikalala chini yake.
Juu rangi, chini biskuti:
chumvi ya bahari ilikuwa imelila kimyakimya,
bila hata kuomba chai.
Mbaruku akasema, mama, wanawake huwa wanaangalia viti.
Nikamwambia, viti nitaviangalia nikishajua vimeshikwa na nini.

La tano halikuwa kwenye mstari.
Lilikuwa ukutani, karibu na pipa la maji,
la kijivu, mlango mmoja umebonyea,
na gia ndogo ya pili pembeni ya ile kubwa,
ile inayoziamsha tairi za mbele zikavute na wenzake.
Ngumi ikapita. Ngumi juu ya ngumi ikapita.
Mama mkwe akatanguliza makalio, akaingiza mguu,
akafumba macho, hakusema kitu.
Nikafungua gunia, nikamtia Kihiyo mdogo ndani
ili lisimame kama limejaa,
nikalipakia buti, gunia likicheka,
na mlango ukafunga.

Ndipo nikainua zulia la miguuni.
Udongo mwekundu, umekauka, wa kujaza kiganja,
na jani moja la chai ndani yake.
Mbaruku akaona haya. "Samahani mama, vijana hawakufagia."
Nikakunja uso. Nikaguna. Nikauonyesha udongo
kwa Shekiondo kama mtu aliyeshika panya.
Laki nne zikashuka pale pale.
Sikumwambia kijana kwamba ule udongo naujua,
naufua kila Jumamosi kwenye soksi za shule.

Shekiondo aliliangalia lile jeupe mara ya mwisho
kama mtu aliyesahau kofia kwenye harusi ya watu.

Mvua ilitukuta Kisiwani, kona ya tatu.
Akavuta gia ndogo. Gari likatetemeka,
likafikiri kidogo, likakubali.
Hakuna aliyezungumza.
Mpaka nyuma huko, bila kufumbua macho:
"Ni hapa mliponikosea adabu."