Vidole Arubaini

Kisima nambari kumi na moja, Shela, alfajiri.
Nateremsha utepe wenye kijicho cha chuma puani;
ukigusa maji hulia kama kifaranga,
nami naandika: mita tatu, sentimita sitini na mbili.
Narudia. Sitini na tatu.
Narudia. Sitini na mbili.
Mkono wangu nao ni sehemu ya kipimo,
kwa hiyo nauandika pia: zidisha au punguza moja.

Chini ya matuta haya ya mchanga
maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari,
hayajaoana, hayajaachana.
Kanuni yake nilifundishwa ubaoni, naibeba kwa vidole:
kila kidole kimoja cha maji matamu juu ya usawa wa bahari
kina vidole arubaini vilivyozama.
Ukiteka hicho kimoja kikaisha,
chumvi haipandi kimoja.

Nyumbani Langoni, juu ya cherehani ya mama,
nimekiunda kisiwa ndani ya kompyuta:
vyumba elfu sita vya mraba, kila chumba na mchanga wake,
mvua yake, kiu yake.
Punda nimewapa lita kumi na tano,
wageni mia tatu,
sisi hamsini. Sikubuni; nilihesabu ndoo.
Ukiona vyaelea, vimeundwa,
na changu kilielea: miezi saba mistari miwili,
wa kisima na wa kielelezo,
ilikwenda bega kwa bega kama watoto watokao chuoni.

Isipokuwa Alhamisi.

Kila Alhamisi usiku kumi na moja kilishuka kidole,
Ijumaa mchana kikarudi, kama mtu aliyezuia pumzi.
Mhandisi Bwanaheri akanipigia kutoka Mombasa:
"Hiyo ni kelele ya chombo. Ifute."
Nikaulaza utepe juu ya rula ya chuma ya fundi Famau,
alama kwa alama.
Haukukosea.

Bi Somoe, muuza chai wa njia ya kisimani,
akanionyesha sufuria. "Maziwa yangu ya Ijumaa hukatika.
Mai yana munyu. Hicho chako chasemaje?"
Changu kilisema elfu moja na mia tisa.
Jumatano kilikuwa kimesema elfu moja na mia mbili.
Nikayaandika na maziwa, kwenye safu ya maoni.

Alhamisi ya nane nilikesha nyuma ya ukuta,
daftari mapajani, tochi imezimwa.
Saa sita na robo pampu ikaunguruma, imevikwa gunia.
Bomba jeusi nikalifuata kwa unyayo,
hatua mia moja themanini na nne,
hadi kwenye tangi la Shekuwe, mume wa dada yangu,
auzaye maji kwa nyumba za wageni,
ambaye wali wake wa Ijumaa naula mimi.

Nikasimama nikijumlisha visivyopimwa kwa lita:
dawa ya sukari ya mama,
miwani hii niliyosomea ubao ule.
Ningeweza kuongeza mstari mmoja kwenye kielelezo,
*upotevu usiojulikana, Alhamisi*,
na mistari miwili ingeshikana tena, mizuri.
Kielelezo hakikatai. Hulishwa, kikameza.

Asubuhi nikaenda kwao. Dada akanimiminia chai.
Ilikuwa imekatika, vipande vyeupe vikielea.
Tukaviangalia sote.
Shekuwe akasema, macho yako kikombeni:
"Kwani nateka kiasi gani? Kidole tu."

Nikaweka vidole vyangu kumi mezani.
Nikamwomba aweke vyake. Dada akaweka vyake bila kuombwa.
Thelathini.
Nikawa nimenyamaza, sina pa kuvitoa vilivyobaki,
ndipo Shamsa, wa darasa la pili, akaingia na sare yake,
akadhani ni mchezo,
akavipanga vyake pembeni mwa sahani ya mkate,
kimoja kimoja, akivihesabu kwa sauti.

Baba yake akawa wa kwanza kuondoa mkono.